Uzi: Siku ya mgeni wa misheni Pemba inavyokwenda, kutoka kwa mtu aliyewapokea na kuwafasiria

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake.

Nimesoma humu maswali mengi ya vijana wa makanisa, wa bara na wa nje, wanaotaka kujua maisha ya kila siku yanakuwaje kwa mtu anayekuja Zanzibar kwa safari ya misheni, na majibu mengi niliyoyaona yameandikwa na watu waliokaa hotelini pwani. Mimi ni Mwanglikana, mzaliwa wa Unguja, na bibi yangu mzaa mama amezikwa Mbweni. Kwa miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa nikiwapokea wageni wanaokwenda Pemba kwa wiki mbili au tatu, nikiwatafutia pa kulala, nikiwafasiria na kula nao. Misafara saba imeshapita mikononi mwangu, mingi kutoka Marekani na Uingereza. Nitaeleza ninachokijua, pamoja na makosa mawili yangu mwenyewe, kwa sababu naamini yanafundisha kuliko mafanikio yetu yote.

Siku ya kwanza huwa siwavushi kwenda Pemba. Boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, ina siku na saa zake, kwa hiyo hulala mjini, na jioni huwapeleka Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Wengi huwa wameshasoma kwamba soko la watumwa lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash, kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka uleule, na kwamba ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Hukimbilia kuupiga picha msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, nchini Zambia, mti ambao moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa chini yake. Nawaacha wapige, kisha nawapeleka nyuma ya madhabahu, kwenye kaburi la Askofu Edward Steere aliyefariki mwaka 1882, na hapo ndipo nakaa nao muda mrefu.

Nawaeleza kwamba Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, hajui neno moja la Kiswahili. Alichokifanya ni kukaa na watu wa mji na kuwasikiliza, akaandika hadithi zao kama walivyozisimulia, na kufikia mwaka 1870 alikuwa ameshachapisha hadithi hizo pamoja na kitabu cha kufundishia lugha. Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi hapa Unguja, alimsaidia kuzitia Zaburi katika Kiswahili fasaha. Hebu tulifikirie jambo hilo kwa utulivu: kadhi wa Kiislamu na mmisionari wa Kiingereza wamekaa pamoja juu ya maneno ya Daudi, na kila mmoja akaondoka pale na dini yake. Nawaambia wageni kwamba kanisa walilosimama ndani yake lilijengwa kwa mawe baadaye, na kwamba kukaa na watu ndiko kulikotangulia.

Baada ya hapo tunavuka.

Asubuhi ya Pemba huanza kwa adhana ya alfajiri. Nyumba tunayofikia iko hatua chache kutoka msikitini, na mgeni wa siku ya kwanza huamka akashtuka. Nimejifunza kuwaambia usiku uliotangulia kwamba sauti ile ndiyo saa ya kijiji kizima, na kwamba wakiinuka wakati huo kwa sala zao wenyewe watakuwa wanaomba pamoja na majirani, ingawa si kwa maneno mamoja. Wengi hulipenda. Mama mmoja wa makamo, muuguzi, aliniambia kwamba hajawahi kusali kwa utulivu maishani mwake kama zile asubuhi za Pemba.

Kuoga ni kwa ndoo na kata. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na maji ya bomba yapo, lakini siku ambayo bomba halitoi ni lazima yatekwe kisimani, na mgeni anatakiwa ajue kwamba ndoo yake ya pili imetoka kwenye kichwa cha mtu. Sisemi hivyo kuwatia haya. Nawapeleka kisimani siku ya pili, wavute kamba wenyewe, na baada ya hapo sijapata kumkemea mtu kwa kumwaga maji. Jambo jingine la maji ni la afya: mito na mabwawa ya Pemba yana kichocho, na maabara ya afya ya jamii iliyopo Wawi, Chake Chake, imekuwa ikiufanyia kazi ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kwa hiyo wageni wangu hawaogi mtoni hata jua liwe kali namna gani. Baharini wanaruhusiwa.

Chai hunywewa barazani: maandazi yenye iliki, mbaazi za nazi, muhogo wa kuchemsha, na siku za bahati mkate wa kumimina. Maandazi tunayanunua kwa jirani, ingawa mpishi wetu anaweza kuyapika, kwa sababu nataka fedha ya msafara ipite kwenye nyumba nyingi na nataka mgeni mwenyewe ndiye aende kupiga hodi. Kabla ya kazi yoyote, asubuhi ya kwanza tunakwenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Sheha anaandika majina, anauliza wanakuja kufanya nini na wataondoka lini, na mimi namjibu yote bila kuficha. Kikundi kinachofikia kijijini bila kupita kwa sheha kimeanza vibaya hata kama kimebeba dawa za kutibu kisiwa kizima.

Kazi zenyewe ni za kawaida: kupaka rangi skuli, kujenga ukuta wa choo, kuwapima watu shinikizo la damu, kuwasomesha watoto Kiingereza jioni. Hapa saa huleta tabu kuliko lugha. Kijana mmoja wa Uingereza alijifunza kuhesabu kwa bidii, na siku moja akamwambia fundi wetu kwa fahari, "Kesho saa nane." Yeye alikusudia saa mbili ya asubuhi. Fundi alikuja saa nane mchana, ametoka kusali Adhuhuri, na mwiko na timazi mkononi, akakuta watu wamekaa tangu asubuhi wamenuna na wanadhani amewadharau. Fundi naye aliona uso wa kila mtu asijue kosa lake. Tangu siku hiyo ratiba ninayoibandika ukutani imeandikwa kwa saa zetu, na wageni ndio wanaobadilisha wanachojua.

Mchana kazi husimama. Jua la saa saba halimwachi mtu akili, na sala ina wakati wake. Viongozi wa misafara hulalamika kwamba wamelipa nauli kubwa ili wafanye kazi na sasa wamekaa. Mimi nawaambia wakae. Katika kukaa huko ndiko mwanamke wa Marekani alikofundishwa kukuna nazi: amekalia mbuzi upande, miguu imebana, mikono inateleza, na yule bibi wa jirani amemshika viganja kutoka nyuma akimzungushia kifuu taratibu ili asifike kwenye ganda jeusi na kuharibu tui. Hawakuwa na lugha moja. Ilichukua saa nzima kupata nazi mbili, na wali ule tulioula usiku ulikuwa na chenga nyeusi, nao walikuwa wakitazamana na kucheka kila tonge.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza.

Ilikuwa siku ya sita ya msafara mmoja. Tumechanganya zege ya msingi wa choo, karai mbili zimejaa, na fundi anasawazisha. Akaja mtoto mbio, akasema neno moja kwa fundi. Fundi aliweka mwiko chini, akaosha mikono kwenye pipa, akaniambia, "Kuna msiba," akaondoka, na vibarua wote wakamfuata. Aliyefariki alikuwa mama wa yule jirani anayetuuzia maandazi. Kiongozi wa msafara aliniuliza kama wanaweza kumaliza zile karai kabla zege haijaganda. Nilijua jibu. Nilijua kwamba msiba ukitokea mtaani, kazi zote hulala, kaburi linachimbwa, maji yanatekwa, kuni zinapasuliwa, na wanawake wanatandika mikeka. Lakini nilikuwa nimechoka kwa siku sita za kukatisha mipango ya watu, nikaona aibu kumwambia hapana kwa mara nyingine, nikasema, "Malizeni upesi." Tukaendelea kwa kama saa nzima. Nyumba ya msiba ilikuwa hatua sitini kutoka pale, na mlio wa beleshi kwenye sakafu ulikuwa ukisikika mpaka uani, walikokuwa wanamkosha marehemu.

Akaja mzee mmoja, taratibu, na kanzu yake. Hakugomba. Alisimama, akatusalimia wote, kisha akaniambia mimi peke yangu: "Mwanangu, leo tuna mzigo." Basi. Nilipomfasiria kiongozi maneno yale na maana yake, aliliacha beleshi pale pale, uso umemshuka, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Sikuwa na jibu.

Walikwenda wote. Wanaume waliifuata jeneza kwa nyuma mpaka makaburini, wakasimama kando wakati wa sala, na mmoja wao mrefu aliombwa ashike bega la jeneza penye mteremko. Wanawake walijifunga kanga, wakakaa mkekani na wenye msiba tangu saa sita mpaka Alasiri bila kusema neno. Yule muuguzi niliyemtaja hakuweza kukunja miguu, kwa hiyo alikwenda nyuma kuosha vikombe, na aliviosha siku zote tatu mpaka hitima. Msafara ulitoa ubani, yaani fedha ya rambirambi, kama majirani wengine, kiasi kilekile wanachotoa wengine, kwa ushauri wa sheha. Karai lile la pili liliganda na zege ndani yake, na mpaka leo limefudikizwa mlangoni kwetu tunalikanyaga tunapopanda barazani.

Nitaendelea na kosa la pili nikipata nafasi. Wenye maswali waulize.

*

Mchangiaji, Dodoma:

Mleta uzi, shikamoo. Sisi tunaandaa msafara wa watu kumi na wawili, sita wa kwaya yetu na sita wageni kutoka Marekani. Wageni wanataka kuja na viza ya utalii kwa sababu ni rahisi. Pia tarehe walizopanga naona zinaangukia Ramadhani. Naomba ushauri, hasa upande wa chakula na mavazi, kwa kuwa baadhi yetu hatujawahi kuvuka bahari.

*

Mleta uzi:

Marahaba, mwanangu. Kuhusu viza nitakuwa mfupi: viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo, kwa hiyo kanisa linalowapokea liombe kibali kinachostahili mapema, kupitia Uhamiaji. Wageni wa nje vilevile wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, utaratibu ulioanza Oktoba 2024. Usikubali mtu akwambie kwamba kazi ya Mungu haihitaji karatasi. Ikitokea shida, mgeni anapanda ndege na wewe unabaki.

Ramadhani nimeipitia na msafara mmoja na sijutii, ila inataka maandalizi. Mchana hakuna kula wala kunywa mbele za watu, hata maji, hata ndani ya gari. Sisi tulikula ndani, madirisha ya upande wa njia yamefungwa, na kazi za jua kali tuliziondoa kabisa kwa sababu vibarua wamefunga. Ilipofika siku ya tatu majirani walianza kutuita kufuturu. Hapo ndipo wageni wangu walipoijua Pemba: uji wenye pilipili manga, tende, muhogo wa nazi, ndizi mbivu, tambi, samaki wa kupaka, na watoto wanaosubiri adhana ya Magharibi huku macho yako kwenye sinia. Usiku wa manane ngoma za daku zikapita. Kijana mmoja wa msafara aliamua kufunga siku tatu pamoja na fundi wake, kwa nia yake mwenyewe na kwa dini yake mwenyewe, na fundi huyo anamuulizia mpaka leo.

Mavazi: wanawake wavae magauni au sketi ndefu na mabega yafunikwe, wawe na kanga karibu. Wanaume waache kaptura kwa ajili ya ufukweni. Na vijitabu vya dini msivigawe njiani. Mtu akikuuliza imani yako, mjibu kwa ukweli na kwa adabu. Wataulizwa sana, kwa sababu Wapemba wanapenda mazungumzo ya dini na wanaijua yao vizuri.

*

Mchangiaji, Wete:

Mleta uzi, nimekusoma neno kwa neno. Mimi ni mwalimu mstaafu, Muislamu, na wageni wa namna hiyo nimewaona tangu nikiwa skuli. Wazee wetu walitusimulia habari za misheni ya Marafiki, yaani Wakristo wa Quaker, iliyokuwa Banani, karibu na Chake Chake, iliyoanzishwa mara baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, walikofundishwa watu kazi za mikono na kusoma. Kwa hiyo sisi hatushangai kumuona mgeni wa misheni, na hatuna chuki naye.

Nina mambo mawili yanayoniuma. La kwanza ni peremende. Wanashuka kwenye gari, wanazirusha, na watoto wanakimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama, kisha wanapigwa picha wakiwa katika hali hiyo. Mimi nimewasomesha watoto hao kusimama foleni na kusema ahsante. Atakayetaka kumpa mtoto kitu ampe mzazi au mwalimu.

La pili ni gumu zaidi kulieleza. Hawaombi. Wanakuja na kila kitu, maji yao, dawa zao, biskuti zao, na wanatoa, wanatoa. Kwetu jirani huombwa chumvi. Ukiniomba chumvi leo, kesho nami nitakuja kwako kuomba moto bila kuona haya. Mtu asiyeomba chochote mwaka hadi mwaka, unaanza kujiuliza anakuonaje.

*

Mleta uzi:

Mwalimu wangu, shikamoo. La peremende ulilolisema ni kweli tupu, na tangu msafara wa tatu nimelipiga marufuku. Atakayekuja nazo atazila mwenyewe.

La chumvi limenigusa, maana nililiona kwa macho yangu pasipo kulipatia jina. Mwaka mmoja tulifika katikati ya msimu wa karafuu. Fundi hapatikani, vibarua hawapatikani, hata watoto wakubwa wako mashambani, na majamvi ya karafuu yametandazwa mpaka pembeni mwa barabara. Ratiba yetu ilikufa siku ya pili. Usiku nikasikia nyumba ya jirani watu wamekaa kwenye taa wanachambua, nikawachukua wageni tukapiga hodi na kuomba nafasi mkekani. Walifundishwa kushika kikonyo na kukibanjua kiganjani ili karafuu zianguke huku na makonyo yaende kule. Siku ya kwanza vidole viliwauma. Kufikia siku ya tano walikuwa wanachambua huku wanaimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini, na mama mwenye karafuu anawaambia waimbe tena ule wa jana. Ukuta wa choo haukumalizika safari ile. Lakini hao ndio wageni ambao jirani yule alikuja kuwagongea usiku wa manane mtoto wake alipopata homa, na hakuwahi kuwagongea wengine. Nadhani ni kwa sababu wao walimuomba kwanza.

*

Mchangiaji, Unguja Mjini:

Kwa heshima zote, mleta uzi, mimi naona mnazunguka. Nauli ya hao wageni sita kutoka Marekani ingejenga vyoo vya skuli nzima, na mafundi wetu wangelipwa. Kwa nini wasitume fedha wakabaki kwao?

*

Mleta uzi:

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi na sitaipinga. Kama lengo ni choo, watume fedha. Mimi mwenyewe nimewaandikia hivyo wakuu wa kikundi kimoja waliotaka kuja siku nane tu, na walikubali: walituma fedha, choo kikajengwa na watu wa hapa, na hakuna aliyepanda ndege. Ninaowataka waje ni wale wanaokuja kukaa na watu, nao wawe wachache na siku ziwe nyingi. Kikundi cha watu kumi na wawili hakiwezi kuwa jirani, kwa sababu kinazungumza chenyewe kwa chenyewe tangu asubuhi mpaka usiku. Wanne wanaweza. Ndugu wa Dodoma, nakuomba uliangalie hilo upya, na hao sita wa kwaya wasiwafunike wenyeji.

Na hapa naingia kwenye kosa langu la pili, kwa sababu linahusu fedha na ahadi.

Usiku wa kuaga wa msafara wa nne, watu wamejaa uani, sheha yupo, biriani imeshaliwa, mgeni mmoja alisimama kuzungumza huku machozi yanamtoka. Alisema kwa Kiingereza kwamba angefurahi sana siku moja kuona kijiji hiki kina tangi lake la maji. Yalikuwa matamanio ya mtu aliyependa mahali. Mimi nilifasiri: "Inshallah mtapata tangi la maji." Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mgeni akadhani wanamshangilia kwa upendo wake, na kijiji kikajua kimeahidiwa tangi mbele ya sheha.

Wageni waliondoka. Mimi nikarudi Unguja. Nilipofika kijijini baada ya miezi minane nilikuta jukwaa la tangi limejengwa, matofali ya wanakijiji wenyewe, saruji waliyochangishana, limepigwa plasta vizuri na juu yake hakuna kitu. Mwenye shamba alikuwa ametoa pahala pale na kukata mnazi wake uliokuwa unazaa. Hakuna aliyenilaumu. Waliniuliza tu kama tangi limeshapakiwa melini.

Nililala siku ile bila usingizi. Asubuhi nilikwenda kwa sheha, nikamwambia kwamba mgeni hakuahidi, kwamba ulimi uliokosea ni wangu, na nikamuomba anipe nafasi niwaambie watu wenyewe baada ya sala ya Ijumaa, nje ya msikiti. Alinikubalia. Nilisema pale mbele ya wote, na mwenye mnazi alikuwepo. Alichonijibu ni kwamba mnazi umeshakatwa na jukwaa limeshajengwa, kwa hiyo tulitafute tangi. Tangi la lita 5,000 lilipatikana mwaka uliofuata, sehemu kwa michango ya waumini wetu wa Unguja, sehemu kwa wanakijiji, na sehemu kwa yule mgeni baada ya kumwandikia habari yote bila kujitetea. Kabla ya hapo alikuwa hajui lolote.

Tangu wakati huo nafasiri kwa namna nyingine. Mgeni akisema "ingependeza," namsimamisha pale pale, namuuliza anakusudia kutoa au anatamani tu, na kama anatamani nawaambia watu wazi kwamba hii ni dua, si ahadi. Mgeni akitaka kuahidi kweli, haahidi barazani usiku wa kuaga. Anakwenda kwa sheha mchana, na inaandikwa kiasi gani, lini, na nani atafuatilia.

*

Mchangiaji, Wete:

Maneno hayo, mleta uzi, yangeandikwa karatasini wakapewa wageni kabla hawajapanda ndege, na sisi wenyeji tukapewa nakala. Maana na sisi tuna haki ya kujua nini kimeahidiwa.

*

Mleta uzi:

Mwalimu, karatasi hiyo nimeshaianza, ukurasa mmoja tu kwa Kiswahili na Kiingereza: kwa sheha kwanza, saa ni zetu, msiba ukitokea kazi inalala, peremende marufuku, ahadi huandikwa. Nimeongeza leo la chumvi, kwa maneno yako kama ulivyoyasema, ukiniruhusu. Sheha wa pale ameshaniomba nakala ya Kiswahili aibandike ofisini kwake. Navuka wiki ijayo, nitampelekea Ijumaa baada ya sala, na yako nitaipitisha Wete siku hiyohiyo jioni.